Kompyuta Iliyozimika Kila Ijumaa

Mwaka ule niliokuwa nikimnyonyesha kifungua mimba wangu, nilikuwa na hasira ya kuchemsha maji bila moto. Nilikuwa nimetoka Migori kuolewa Homa Bay, nikapata kazi ya kuingiza chanjo za watoto kwenye kompyuta ya zahanati ya Wasabato, karibu na ziwa. Kila Jumapili, tukifungua baada ya Sabato, niliikuta mashine imezimika, na faili ya Ijumaa imeharibika.

Kompyuta ile ilijiandikia yenyewe kila jambo lililoipata. Nikifungua orodha hiyo, doa jekundu lilikuwa pale na maneno yale yale: imezimwa ghafla, bila kutarajiwa.

"Ni wewe," mkurugenzi wa zahanati aliniambia. "Unakimbilia mtoto, unang'oa waya."

"Mimi huiacha ikiwaka, vile fundi alisema."

"Fundi amebadilisha diski, amebadilisha nyaya. Sasa imebaki kukubadilisha wewe. Jumapili nikipata faili imeharibika tena, uende nyumbani."

Nyumbani kulikuwa na bwana asiye na kazi. Nikarudi kwa madoa yale, nikayasoma moja moja. Yote yalikuwa ya Ijumaa, jua likikaribia kuzama. Stima ya taa ikipotea huku kwetu haichagui siku. Kwa hivyo Ijumaa iliyofuata sikuondoka. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikakaa kwenye benchi la kona.

Sijui kama nililala. Mwanga wa ziwa ulipanda ukutani, ukatetemeka darini, ukawa rangi ya papai. Maziwa yalinilowesha blauzi. Mtoto alipumua shingoni mwangu, mashine ikapumua mbele yangu, nikashindwa kujua pumzi ipi ni ya nani. Majina niliyoyaandika mchana, ya watoto wa Kendu Bay na wa Oyugis, nikayaona yanaelea majini, yanakwenda mbali bila kelele.

Kisha nikasikia wimbo wa kanisa, kwa Kijaluo, polepole. Mzee anayetunza funguo aliingia, akatazama jua dirishani, akainua mkono, akabonyeza swichi kubwa ya ukutani. Skrini ikafa.

"Jaduong', mzee wangu! Unafanya nini?"

Mzee akaruka. "Nyar Migori! Umenitoa roho, binti. Sabato inaingia. Ninapumzisha mashine."

"Unaipumzisha ama unaipiga rungu?"

"Hata ng'ombe wangu wanapumzika. Hii nayo ni nani?"

"Na mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Nilitaka kupiga kelele mpaka Karungu wasikie. Lakini alikuwa akiitazama ile skrini nyeusi kwa upole, kama mtu aliyemfunika mgonjwa blanketi.

"Inalala," nikamwambia, "lakini lazima ifunge faili kwanza. Ukiikata hivyo, inapoteza watoto."

"Watoto gani?"

"Wa chanjo. Wa leo."

Akavua kofia. "Wote?"

"Iwashe, jaduong'. Jua bado lina kipande."

Akaiwasha. Ilichukua muda wake, kama mama mkwe anayevaa kwenda harusini. Majina ya mwisho yalikuwa yameharibika, basi yeye akanisomea kadi, mimi nikapiga chapa, chumba kikigeuka zambarau.

"Bado?"

"Bado."

"Jua hilo, nyar Migori!"

"Liambie lingoje."

Nikafunga faili, nikaiamuru mashine ijifunge. Skrini ikafikiri, ikafikiri, mwishowe ikaandika kwamba sasa ni salama kuizima. Nikamwitikia kwa kichwa, akabonyeza. Tukabaki gizani.

Jumapili hapakuwa na doa jipya baada ya lile la mzee, na faili ya Ijumaa ilikuwa nzima. Mkurugenzi akaja kusimama nyuma yangu.

"Huyo fundi ni mkali," akasema.

"Fundi hakufanya kitu. Anayeizima ni mzee wa funguo, kwa ajili ya Sabato. Nawe ulitaka kunifukuza mimi."

Akakohoa. Samahani hakusema. Nikafungua faili ya Ijumaa, nikaanza kusoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, nikamwacha asimame pale ayasikie yote.