Muulize Mwenye Mgongo

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu. Ni siku niliyogundua kwa nini mume wangu alikuwa akila amesimama.

Usicheke. Ungekuwa jirani yangu Garissa miaka ile, Uhuru ukiwa bado neno la kunong'onezana, ungecheka mbele yangu na nyuma yangu, maana ndivyo walivyofanya wenzako. Nilikuwa mke wa miezi michache. Asubuhi nikiuza maziwa ya ngamia sokoni, na huko nilikuwa na sifa yangu: yule binti anayehesabu chenji mara mbili, kisha anakupa nawe uhesabu. Mume wangu, babu yenu Abdi, alikuwa dereva wa lori la Haji Noor, mwenye duka la jumla. Akipeleka unga, sukari na majani ya chai Wajir, akirudi na ngozi. Siku hizo dereva wa lori alikuwa mtu! Watoto walikimbilia hata vumbi lake.

Basi akirudi safari namtandikia mkeka, naweka chai na anjera, ile mikate yetu laini. Ananiambia, "Weka tu hapo." Anachukua kikombe, anaegemea nguzo ya nyumba, anakula wima kama ngamia anayechuma mgunga. Akimaliza analala kifudifudi. Mara ya kwanza nikasema amechoka. Mara ya pili nikasema labda ndiyo ada ya kwao. Halafu jirani yangu Zeinab akachungulia, na kesho yake akaniambia sokoni, mbele ya wateja wangu:

"Abaayo, dada yangu, mwanamume asiyekaa chini nyumbani mwa mkewe ana jambo moja tu. Anangoja kuondoka."

Neno lile nilirudi nalo nyumbani. Mimi niliyeweza kumbana mchuuzi wa mbuzi mpaka aape kwa ukoo wake mzima, sikuweza kumuuliza mume wangu swali moja. Niliogopa jibu. Nikaanza kukunja nguo zangu kimyakimya, nikijiambia heri nirudi kwa mama kwa miguu yangu kuliko kurudishwa. Ujana, mwanangu, huona heri kupoteza mume kuliko kupoteza uso.

Kilichoniokoa ni kufua. Nilikuwa nafua kikoi chake nikaona kimeshika unga wa manjano, na katikati ya ule unga, doa la damu. Niliuacha mtungi wa maji pale pale nikaenda hadi dukani kwa Haji, lori lilipokuwa limeegeshwa. Nikapanda, nikabonyeza kiti cha dereva. Sponji ilikuwa imekaangwa na jua la kwetu mpaka ikavunjikavunjika kama mkate mkavu. Mkono wangu ulizama moja kwa moja hadi kwenye chuma. Springi moja ilikuwa imechomoka, imekaa inamngoja mume wangu kwenye kila shimo la njia ya Wajir. Na njia ile, wallahi, ilikuwa mashimo yaliyounganishwa kwa barabara kidogo.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Mume wangu ana vidonda, nami nacheka peke yangu ndani ya lori la watu. Kumbe hakuwa amenichoka. Alikuwa anaumwa matako!

Haji Noor akanikuta humo.

"Binti, maziwa huuzwa sokoni."

Nikamwambia kiti kimekufa. Akaangalia mbali. "Abdi hajalalamika. Na akilalamika ninaye kijana mwingine anayejua usukani, tena hana mke wa kumsemea. Lori linaondoka Jumamosi, na safari hii haliishii Wajir. Linakwenda Mandera."

Mandera! Hapo ndipo nilipoelewa kimya cha babu yenu. Akisema anaumwa, usukani ni wa mtu mwingine, nasi tunarudi kula maziwa yangu tu. Akinyamaza, atafika Mandera hawezi kukaa wala kusimama. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mfichua maradhi naye huweza kufutwa kazi. Nikashusha sauti. Biashara haigombi.

"Haji, nani amelalamika? Nipe kiti nikakitengeneze nyumbani. Hutatoa hata senti."

"Kiti kikitoka ndani ya lori kitarudi?"

"Sisi tunakalia mikeka, Haji. Kiti tutakipeleka wapi?"

"Na ukikiharibu?"

"Kwa kilivyo sasa, kukiharibu zaidi kunataka fundi."

Akacheka bila kupenda. "Kichukue. Ijumaa jioni kiwe mahali pake."

Nikakibeba kichwani, nikipita katikati ya soko. Watu wakauliza, nikawajibu wote. Nilipofika nyumbani nikafumua kitambaa cha kiti, nikachukua matambara, vipande vya gunia na sufi ya mto wangu, nikashindilia lile shimo mpaka likafura, kisha nikashona. Kilikuwa kimevimba kama tumbo la mbuzi aliyeingia ghalani. Nikajipongeza.

Abdi alirudi kutoka msikitini akakikuta uani. "Huyu mgeni naye amekuja kula?" akauliza. Nikamwambia akae. Akakaa ili anifurahishe, akainuka upesi kuliko alivyokaa. "Kizuri," akasema, jasho likimtoka, akaenda kuegemea nguzo yake.

Mama mkwe wangu alikuwa uani akisuka. Nilimwita Edo, kama tunavyowaita mama wa waume zetu. Alizaliwa upande wa Eldas, na maisha yake yote alipakia na kupakua ngamia. Alikuja akakibonyeza kiti kwa kiganja, akanitazama.

"Nani alikufundisha kupakia ngamia?"

"Edo, hiki ni kiti cha lori."

"Mgongo ni mgongo. Ngamia akiwa na kidonda, herio unaiweka wapi?"

Herio, mwanangu, ni ule mkeka mnene wa nyuzi za magome tunaomtandika ngamia kabla ya mzigo. Hata mtoto alijua jibu. "Unainua pande zote mbili," nikasema, "kidonda kibaki hewani."

"Na wewe umeshindilia pale pale panapouma, ukakaza uzi. Haya, kidonda cha mume wako kiko upande gani?"

Nikageukia kiti, nikaanza kukibonyeza huku na huku.

"Umeongea na Haji. Umeongea na soko zima, mpaka muuza tumbaku amekuja kunieleza habari za kiti. Mwenye mgongo umemuuliza?"

"Edo, naona haya."

"Haya! Mimi nilimwogesha alipokuwa mdogo, zamu yangu imekwisha. Ngamia hasemi, lakini ukimpitishia mkono anashtuka, ukajua. Nenda kapitishe mkono."

Nikaingia ndani. Abdi alikuwa amelala kifudifudi kama kawaida yake. Nikasema, "Nimekuja kukagua mzigo."

"Nani kakuambia?"

"Kikoi chako."

Akageukia ukuta, akasema, "Baba yangu alitembea na ngamia kwa miguu hadi Moyale. Nikuambie mimi nimeshindwa na kukaa?"

"Nami nilidhani hukai kwa sababu unangoja kuondoka."

Akainua kichwa. "Niondoke niende wapi? Chai nitakunywa kwa nani?"

Hilo, mwanangu, ndilo neno la mapenzi nililolipata katika ujana wangu. Wanaume wetu wa zamani hawakuwa na mengi ya namna hiyo, kwa hiyo lile moja nililihesabu mara mbili.

Mficha uchi hazai. Alinionyesha vidonda, na akanieleza jambo ambalo mimi nisingelijua hata ningeshona mwaka mzima: kila akiinua mguu wa kushoto kukanyaga klachi, uzito wake wote huangukia upande wa kulia. Huko ndiko springi ilikokuwa ikimla. Nikampaka samli yenye manemane, na alfajiri tukakifumua kiti upya, yeye, mimi na Edo.

Tulikata sponji yote iliyooza mpaka tukafika kwenye ile ambayo ukiibonyeza inarudi. Springi tukaikunja chini tukaifunga kwa ukanda wa ngozi. Juu ya springi tukatandaza gunia zito, ili chochote tutakachoweka kisidondokee chini. Kisha Edo akaleta herio yake kuukuu, akaikata bila kusita. Tukatengeneza mito miwili, kushoto na kulia, wa kulia ukiwa mnene zaidi kubeba ule uzito, na nyuma yake, pale kidonda kinapokaa, tukaacha bonde. Kingo tukazipunguza ziwe nyembamba, maana mto wenye ukingo mnene huchonga kidonda kipya. Juu kabisa tukaweka sufi kidogo na blanketi. Kila hatua Abdi alikaa, akasema, "Hapa punguza," "Hapa ongeza," nasi tukatii kama watumishi wa mfalme. Edo akanionya nisijaze mno: kiti kilichofura humsukuma mtu, kilichojazwa kwa kiasi humpokea. Halafu tukashona kwa sindano ya magunia.

Ijumaa jioni Haji Noor alipanda akakikalia mwenyewe. Akakaa. Akaendelea kukaa.

"Binti," akasema, "na kile kiti changu cha dukani?"

"Hicho kina bei, Haji."

Abdi aliondoka Jumamosi. Nilifanya hesabu ya siku zake za njiani, nikaifanya tena, na zote mbili hazikuwa sawa, kwa sababu alichelewa. Nilipoanza kusikia maneno ya Zeinab masikioni tena, lori likanguruma. Alishuka mwekundu kwa vumbi. Vidonda vilikuwa vimekauka. Akautandika mkeka mwenyewe, akakunja miguu, akakaa. Akanisimulia Wajir, akanisimulia Lafey, akanisimulia Mandera. Chai ilipoa, hakuinuka.

Sasa nisikilize. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukiona mtu wako amebadilika, usiulize jirani, usiulize soko, wala usijijibu mwenyewe. Muulize mwenye mgongo. Nawe ukiwa ndiye mwenye mgongo, sema, maana mkono wa kukusaidia haujui pa kushika usipoonyeshwa. Na ukishaonyeshwa panapouma, usirundike maneno hapo hapo. Inua pembeni: mpunguzie kazi, mpikie, mnyamazie kidogo. Kidonda kikipata hewa hupona chenyewe.

Mungu akupe mwenza atakayekaa nawe mkeka mmoja mpaka chai ipoe. Akupe mkono mwepesi na ulimi usioogopa kuuliza. Na njia yako, ambayo najua haitakosa mashimo, akupitishe salama pamoja na wote uliowapakia. Amina, na amina tena, nisije nikawa nimekosea hesabu.