Mafuta ya Kukamulia

Mikono ya Phanice Bonareri ilinuka maziwa hata siku ya Sabato. Alikuwa akikamua ng'ombe wa tajiri mmoja kule Nyansiongo, na chochote kilichouma nyumbani kwake, kiwe goti au kiuno, alikipaka mafuta yale yale ya kukamulia. Kwa hiyo mwanawe Duke aliporudi kutoka kubeba magunia ya mahindi akilalamikia shingo, alimkanda kwa mafuta hayo. Kesho yake akamkanda tena. Kijana alipoanza kuongea na watu wasiokuwepo, ndipo majirani walipomkimbiza hospitali mjini Kisii.

Katika chumba cha dharura, Daktari Mokeira alimtundikia dripu ya dawa, kisha akasema ni lazima atoe maji kidogo ya uti wa mgongo, ajue ni ugonjwa gani hasa umeshika ubongo. Phanice akakataa katakata. Mtoto wa jirani yake Bosire alidungwa mgongoni mara nyingi, akafa, na kijiji kizima kikailaumu sindano.

Daktari hakubishana. Alipapasa mgongo wa Duke, lakini kijana alikuwa pande la mtu, mifupa haishikiki. Akaivuta mashine ya picha, ile ya kutazamia watoto tumboni, akampaka Duke mafuta baridi mgongoni.

"Hata mimi nimempaka," Phanice akasema. "Hayakusaidia."

"Haya si ya kutibu, Mama Duke. Ni ya kunionyesha njia. Njoo nawe uone."

Kwenye kioo cha mashine mifupa iling'aa, na katikati kulikuwa na upenyo mwembamba. Daktari akaweka alama ya kalamu kwenye ngozi. Atapita hapo, alisema, hatatafuta-tafuta.

Phanice aliitazama alama ile. "Mara moja tu. Ukikosa, uache."

Sindano iliingia mara moja. Maji yaliyopaswa kuwa maangavu yalitoka meupe meupe, kama maji ya kusuuzia ndoo ya maziwa. Phanice hakuhitaji kuelezwa. Aliangalia viganja vyake, vilivyokanda shingo ile siku mbili.

Homa ilishuka. Duke akafumbua macho, mama akamwita. Akamwita tena kwa nguvu, wagonjwa wengine wakageuka. Duke hakugeuka.

"Ni sindano?"

"Hapana, mama. Ugonjwa ulifika masikioni mkiwa bado nyumbani."

Siku hizi Phanice akitaka kumwita mwanawe humgusa bega. Kijijini wanasema ni ile sindano. Phanice huwaambia siyo. Wakimuuliza basi ni nini, huchukua ndoo akaenda kukamua.