Nilivyopeleka Jiko la Vumbi la Mbao Kariakoo

Niliondoka Masasi kwa sababu ya mlango ulioungua. Wengi wenu mnaosoma haya mnamjua Asia, mdogo wangu, aliyeolewa Dar es Salaam na kupanga chumba Kariakoo, upande wa Msimbazi. Jiko la mafuta ya taa lilimlipukia jirani yake ukumbini, likala mlango na sehemu ya dari. Hakufa mtu, lakini mwenye nyumba, Mzee Kanti, Mhindi mwenye duka la vitambaa, alitangaza kwamba mwezi ukiisha hataki kuona jiko la mafuta ndani ya nyumba yake. Asiyeweza ahame. Na mpangaji akihama Kariakoo siku hizi, chumba kingine cha kodi ya namna ile hakipati tena.

Mle ndani alikuwamo kijana mmoja, Shabani, kiongozi wa kikundi cha vijana wa mtaa. Alikuwa amemaliza sekondari, hana kazi, na maneno anayo. Tangu serikali ilipofungulia biashara huria, yeye na wenzake walikuwa wakizunguka ofisi za serikali ya mtaa wakidai majumba yaachane na mafuta ya taa, kwa kuwa yanatoka ng'ambo, yanawakohoza watoto na bei yake haieleweki. Asia alimwambia kuwa kaka yake anatengeneza majiko yanayowaka kwa vumbi la mbao. Basi Shabani akaniagizia kwa dereva wa lori la korosho kwamba nilete kubwa, la nyumba nzima. Kikao cha kata kilikuwa karibu.

Asubuhi ya kuondoka nilipandisha juu ya basi nusu ya pipa la chuma lenye matundu matatu ya sufuria. Abiria walinitania kwamba nahamia mjini na ngoma yangu. Hadi Lindi nilikuwa bado nacheka nao.

Baada ya Nangurukuru hakuna aliyecheka. Mvua ilikuwa imeifanya barabara uji, basi likawa linazama na sisi tunashuka, tunasukuma, tunapanda, tunashuka tena. Wanaume walivua viatu wakaacha kuvivaa. Mimi sina subira ya asili, na safari ile iliimaliza hata ile kidogo niliyokuwa nayo.

Pale Ndundu tulilikuta pantoni limeharibika. Tulikaa kando ya Rufiji tukila mihogo ya kuchemsha na kuumwa na mbu, magari yakizidi kupanga foleni nyuma yetu. Mama mmoja aliuliza pipa langu ni la nini, nikamweleza: unasimamisha chupa ndani, unajaza vumbi la mbao kuizunguka, unalishindilia, kisha unaichomoa chupa taratibu. Lile tundu linalobaki ndilo njia ya moto. Unawasha kwa chini, na linawaka kutwa. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza kwa nini matundu matatu. Nikasema ni la watu wengi. Akasema, "Haya," akageukia mihogo yake.

Kariakoo niliingia mchana, mgongo ukiuma na suruali imekauka tope hadi magotini. Mkokoteni ulinibebea pipa kupita kwenye marobota ya mitumba na redio zilizopangwa hadi barabarani, kila muuzaji akishindana na mwenzake kwa sauti. Asia alinipokea mlangoni. "Shikamoo kaka," alisema, akachukua begi langu kabla sijaitikia. Alikuwa amekonda. Mwanawe alikohoa kitandani, akajigeuza, akalala tena. Kile chumba kilinuka mafuta ya taa mpaka machoni.

Mumewe, Hamisi, alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, na sasa alibeba mizigo sokoni. Aliondoka kabla sijaamka na kurudi amechoka hata kuongea. Hata hivyo mimi nililishwa wali, samaki wa soko la Feri, chai na maandazi. Nikiwakaribisha waliniambia wao wameshakula. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku zilipita na jembe silioni, nikafurahi kwamba dada yangu ana moyo mkubwa.

Siku ya pili baada ya kufika kwangu tulilifunga jiko uani. Vumbi la mbao lilitolewa bure na maseremala waliokuwa wakilichoma barabarani, na Shabani alikuwa ameshaliandika hilo katika mapendekezo yake: maseremala walitoe, kila nyumba ya wapangaji wengi iwe na jiko la pamoja uani, na mafuta ya taa yasipikiwe tena vyumbani. Tulichemsha maji, moto ukawa safi bila moshi. Wanawake wa nyumba walitoka, wakalizunguka, wakalisifu. Kisha kila mmoja akarudi chumbani kwake, akafunga mlango, akapika kwa mafuta ya taa.

"Watazoea tu, bro," Shabani aliniambia. "Kitu kipya kila mtu anakiogopa mwanzo."

Mimi pia niliamini hivyo. Kati yetu wote tuliolipanga jiko lile hapakuwa na hata mmoja anayepika.

Siku ya kikao tulibanana katika ofisi ya kata. Shabani alizungumza vizuri mno, nikajivuna utadhani ni mwanangu. Diwani alitikisa kichwa kwa kukubali. Mzee Kanti, aliyekaa mbele, alisema kwamba kanuni hiyo ikipita hatamfukuza mtu. Nikahesabu kwamba chumba cha Asia kimepona. Diwani akauliza kama wanawake wana neno, na aliyesimama alikuwa dada yangu.

"Jiko hili kalileta kaka yangu, nalisifu," alisema, akiangalia sakafu. "Lakini mimi sitapikia pale. Mume wangu hana kazi. Kuna siku anarudi mikono mitupu. Siku hiyo nafunga mlango, nawasha jiko la mafuta kidogo, ili jirani asikie harufu ajue kwa Asia kunapikwa. Mkinipeleka uani, nitainjika nini mbele za watu?"

Akakaa. Mama mmoja wa makamo, mpangaji mwenzake, akasema Asia kawasemea wengi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi tulikuwa tunaitoa mitungi yote uani. Hamisi alikuwa amesimama mlangoni. Aliondoka bila kumtazama mtu. Mimi nilikumbuka wale samaki na wali, na kila "tumeshakula", nikatamani ardhi inimeze.

Mzee Kanti alisimama. "Mimi nilitaka moto utoke ndani," alisema. "Huyu mama nilikuwa sijamwambia atoke." Akaongeza muda mpaka vijana walete mpango mwingine. Diwani aliahirisha. Shabani alikunja karatasi zake, na tulipofika nje alimwomba Asia radhi, kwa adabu nisiyoitarajia. Kesho yake alianza upya, safari hii akitanguliza wasichana wa kikundi waingie vyumbani kuuliza. Wanachofikiria sasa ni majiko madogo ya mkebe, kila mtu na lake, na uani vyumba vya kupikia vyenye milango. Ni kazi ndefu, na mtoto bado anakohoa. Sijui kama kata itakubali.

Siku ya kurudi, Asia alinisindikiza hadi kwenye basi. Hatukuwa tumeliongea la kikao. Alinipitishia dirishani masurufu yaliyofungwa kwenye kitambaa: chapati, na kuku mzima wa kukaanga.

"Utashiba, kaka?"

"Nitashiba."

Nilichojifunza ni kidogo kuliko uchovu niliorudi nao. Ukitaka kumzimia mtu moto wake, muulize kwanza moto huo unamfanyia kazi gani, na umuulize akiwa peke yake. Tulipofika Kibiti nilikifungua kile kitambaa. Nilikila chakula chote, mpaka mfupa wa mwisho, kwa sababu kumrudishia pale dirishani kungekuwa kumwaibisha mara ya pili.