Aliyegusa Maji ya Samaki

Samaki wale sikuwanunua. Niliachiwa na mwalimu mwenzangu, mwanamke niliyefundisha naye shule moja ya sekondari hapa Mtwara, alipohamishiwa Dodoma. Hakuweza kupanda basi na tangi la kioo, kwa hiyo alikuja nalo kwangu Mtawanya kwa bajaji, amelikumbatia, maji yamebaki robo na samaki wanne wamejikusanya kona moja. Watatu walikuwa wa rangi ya chungwa. Wa nne alikuwa mweusi, macho yamemtoka pembeni kama vifungo vya koti. Huyo ndiye niliyempenda.

Miezi ya mvua walistawi. Nilikinga maji ya bati kwenye pipa, na kila Jumamosi nikawabadilishia. Mvua zilipokata, pipa likakauka, nikahamia bombani. Sikulifikiria mara mbili. Wiki hiyohiyo mama mkwe wangu akafika kutoka Nanyamba.

Alikuja kutibiwa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji, na daktari akataka abaki mjini wiki kadhaa kwa ajili ya kliniki. Mimi ni mtu wa Korogwe, ndoa yetu ilikuwa haijatimiza miaka miwili, na sikuwahi kuishi naye hata siku tatu mfululizo. Aliniita "mwalimu", hata mezani. Aliporudi kutoka hospitali, plasta bado imemfunika jicho, alisimama mbele ya tangi akauliza, "Hawa wanaliwa lini?"

"Hawaliwi, mama. Ni wa kuangalia tu."

"Wa kuangalia," akarudia, akaenda kukaa.

Kabla wiki mbili hazijaisha, samaki mweusi akaanza kuumwa. Alipanda juu ya maji akawa anahema, mdomo wazi, mapezi ameyabana mwilini. Mashavu yake, pale yanapofunguka na kufungika, yalikuwa mekundu. Siku iliyofuata mmoja wa wale wa chungwa alilala chini kwenye kokoto, akafa kabla ya mchana.

Pembeni ya tangi nikakuta kichupa cha dawa ya macho ya mama mkwe, kifuniko hakijakazwa.

Nilikichukua, nikakinusa, nikayanusa na maji. Nikahesabu ni nani anayebaki nyumbani mchana. Mume wangu hufanya kazi bandarini na huondoka alfajiri. Mimi niko shule hadi saa tisa. Nyumba nzima inabaki na mtu mmoja, mtu ambaye hakuwapenda samaki tangu siku ya kwanza.

Jioni nikamwambia mume wangu.

"Mama yangu?" akasema. "Awatilie samaki dawa ya macho? Ili iweje?"

"Sijui ili iweje. Nakuambia nilichokiona."

"Umeona chupa," akasema, na hakutaka kuendelea.

Basi nikaanza kulinda peke yangu. Kopo la chakula cha samaki nikalihamishia kabati la chumbani. Nikachora mstari mwembamba kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya kioo, usawa wa maji, mahali ambapo mtu hawezi kuuona bila kuinama. Jumatano niliporudi kutoka shule, maji yalikuwa juu ya mstari kwa upana wa kidole. Maji hupungua kwa joto. Hayapandi yenyewe. Chini, kwenye sakafu, palikuwa na matone yaliyokauka kuelekea mlango wa uani.

Siku nyingine nilimsikia akiongea na simu uani. Alizungumza na binti yake kwa Kimakonde, lugha nisiyoijua, lakini katikati ya maneno yake yakatokeza mawili niliyoyajua: "tangi" na "mwalimu". Aliponiona dirishani akashusha sauti. Nikarudi jikoni.

Kulikuwa na jambo lingine lililonitia hakika zaidi. Katikati ya wiki samaki mweusi alipata nafuu, akashuka, akala. Kila Jumapili alizidiwa upya. Nikajiambia: Jumamosi mimi nashinda uani na nguo na vyombo, yeye amekaa sebuleni na tangi. Ndiyo siku anayofanya anachofanya. Nami Jumamosi hizo nilizidisha usafi ili kuondoa chochote alichotia. Nilimwaga maji yote hadi tone la mwisho, nikasugua kokoto, nikakamua sponji ya mashine ya kuchujia chini ya bomba mpaka ikawa nyeupe kama mpya, nikajaza maji ya bomba palepale.

Kisha ikaja Alhamisi moja ambayo vipindi vyangu viliahirishwa, nikarudi saa nne asubuhi. Mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa ameinama juu ya tangi, kata mkononi, ndoo miguuni. Alikuwa anachota maji ya samaki polepole, akiwakwepa.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. "Nachukua maji ya miche yangu."

Nilijua ana miche ya pilipili na nyanya, ameiotesha kwenye madumu yaliyokatwa, kando ya ukuta wa uani. Sikuwahi kuuliza anaimwagilia nini.

"Ya samaki?"

"Haya yana mbolea. Ya bomba yana dawa, yanaiunguza. Ungeyaona majani yalivyokuwa mwanzo."

"Na humu unarudishia nini?"

Akanionyesha kwa kidevu ndoo nyingine, kubwa, iliyokaa wazi kona ya jikoni, ile niliyodhani ni ya kuogea. "Hayo yamelala siku mbili, harufu imetoka. Au ulitaka nikuachie tangi nusu, upate la kusema?"

"Na dawa yako ya macho? Niliikuta hapa."

"Hapa ndipo penye taa. Natilia wapi, gizani?"

Nikaingia chumbani, nikampigia yule mwenzangu wa Dodoma. Nilipiga nikitarajia anipe neno la kumshitakia mtu. Nikamweleza yote, mama mkwe, kata, ndoo.

"Yeye anabadilisha kiasi gani?" akauliza.

"Kama robo, labda."

"Na wewe?"

"Mimi? Yote. Na sponji naiosha bombani, inatakata kabisa."

"Sasa wewe si ndiye unayefundisha baiolojia?"

Nilifundisha. Muhula uleule nilikuwa nimesimama mbele ya darasa nikachora ubaoni jinsi bakteria wanavyogeuza amonia ya mkojo na kinyesi kuwa kitu kisicho na sumu kali. Bakteria hao walikuwa wanaishi ndani ya ile sponji na juu ya zile kokoto. Kila Jumamosi niliwaua kwa maji yenye klorini, na kuanzia Jumapili samaki wakawa wanahema ndani ya uchafu wao wenyewe na dawa ya bomba. Nafuu ya katikati ya wiki ilitoka kwenye ile kata.

Tangu siku hiyo sikumwaga tena maji yote. Nilipunguza chakula, nikabadilisha robo kila baada ya siku mbili kwa maji yaliyolala, na sponji nikaisuuza ndani ya maji yaleyale ya tangi. Samaki mmoja mwingine wa chungwa alikufa hata hivyo. Mweusi alipona, pezi moja likabaki limeliwa ukingoni.

Kilichonisumbua ni mstari. Nilikwenda kuufuta kwa spiriti nikakuta haupo. Ulikuwa umesuguliwa.

Nilikaa nalo wiki nzima. Mwishowe, tunachambua kisamvu uani, nikamwambia ukweli: kwamba nilimdhania anawatilia samaki dawa, na kwamba nilikuwa nampimia maji.

Aliendelea kuchambua. "Niliuona," akasema. "Kwa jicho hili jipya. Nikaufuta." Kisha akaongeza, "Mimi nilimwambia wifi yako kwamba mwalimu anawaua samaki makusudi."

"Makusudi? Kwa nini?"

"Ningejuaje? Kila Jumamosi unawatoa, unawasugulia chombo kama unakwenda kuwapika, kesho yake wanakufa. Nikasema, hawa wamemchosha, anaona haya kuwatupa kwa kuwa ni zawadi."

Hatukucheka. Nilimimina kisamvu kwenye kinu, nikaanza kutwanga.

Alirudi Nanyamba kabla msimu wa korosho haujaanza, na mwaka uliofuata akaja kwa ajili ya jicho la pili. Samaki mweusi alikuwa hai bado. Asubuhi ya kwanza nilimwona mama mkwe ameinama mbele ya kioo, anamtazama. Nilikuwa nimeshabeba mkoba, nachelewa kipindi cha kwanza, na bado nikajikuta nimesimama mlangoni, naangalia mikono yake.

Akageuka. "Nenda kazini, mwanangu," akasema.

Nikaenda.