Bi Chiriku Afuata Memori Yake

Bi Chiriku haoni, na usijaribu kumwonea huruma. Ukianza tu kuvuta ile sauti ya msibani, "pole mama," anakukata: "Pole ya nini, umeniona nimeanguka?" Kazi yake ni kusikiliza vikao vya baraza la ardhi vilivyorekodiwa na kuviandika neno kwa neno, pamoja na matusi na vikohozi vyake. Aliianza akiwa msichana mwenye macho mawili mazima, kwenye taipureta. Macho yalipoanza kuzima, ofisi nzima ilianza kumuaga kabla hata hajasema anaondoka. Yeye akaenda zake akajifunza kompyuta inayosema, akarudi, akakaa kitini pake. Nani angemwinua?

Kompyuta hiyo humsomea kila herufi anayogonga. Ameizoesha kusema mbio, kiasi kwamba mtu mwingine akivaa vile visikilizio vyake anasikia ndege tu wanagombana kichakani. Jina la Bi Chiriku lilitoka hapo. Skrini yake haiwashwi, ya nini? Ameifunika kitambaa alichofuma mwenyewe.

Sasa, fundi wa kompyuta pale ofisini ni mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Mpole, ana adabu zake, ila akisoma habari za kifaa kipya hakuna atakayekula kwa amani. Siku hizo alikuwa amezama kwenye diski mpya, zile ndogo zisizo na kitu kinachozunguka ndani. Alizileta mpaka mezani kwa mama mkwe.

"Mama, memori, pale kompyuta inaposhikia kazi ya sasa hivi, imepitwa na wakati," alisema. "Ukizima umeme tu, imesahau kila kitu. Hizi diski zinatunza, na zina mbio ajabu. Siku si nyingi zitafanya kazi zote mbili."

"Kula, baba," alisema Bi Chiriku. "Chakula kinapoa."

Laiti angemjibu siku ile. Haukupita muda, meneja akalalamika kwamba kompyuta yake inamkwamisha kwenye mikutano ya video. Mkwe akaona hapo ndipo pa kuonyesha ufundi. Akachomoa sehemu kubwa ya memori kwenye kompyuta ya Bi Chiriku, akampachikia meneja. Kwa mama akaweka diski mpya, akaipanga kompyuta iwe inaazima nafasi kwenye diski kila memori ikijaa. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa zawadi.

Na kweli, asubuhi ile kompyuta iliwaka kabla hujamaliza kupiga chafya. Watu wakapiga makofi. Kisha Bi Chiriku akafungua rekodi ya kikao, akafungua ukurasa wa kuandikia, akaanza kazi, na sauti ikaanza kugugumia. Anagonga herufi, kimya. Anagonga nyingine, kimya, halafu zinamrukia zote kwa pamoja. Mwenye macho asingejali, angeangalia skrini akaendelea. Yeye alikuwa kama mtu anayetembea huku sakafu inachelewa kufika mguuni. Makosa yakaingia. Shahidi aliyesema hakuuza shamba akaandikwa kwamba ameuza, na wakili akaja juu.

Meneja akamfuata mezani kwake. "Mama, umetutumikia sana. Naona sasa na masikio yamechoka. Kapumzike, wajukuu wapo."

Lilimkata maini. Macho aliyaacha yaende, lakini masikio hakuwa tayari kumwachia mtu. "Masikio yangu hayana neno," alisema. "Niitie mkwe wangu."

Mkwe alipofika, Bi Chiriku aliipunguza sauti mpaka mwendo wa binadamu, akamvisha visikilizio, akaondoa kitambaa kwenye skrini na kumfunga nacho macho. "Andika ulichoniambia siku ile mezani," alimwamuru. Mkwe akaandika, akasita, akafuta, akafuta tena asichokijua. Alipokifungua kitambaa alikuwa anatoka jasho, na wenzake walikuwa wanacheka wazi.

"Kosa ni langu, bosi," alimwambia meneja. "Memori ni tonge lililo mdomoni. Diski ni sahani. Hata uisogeze vipi, bado mkono lazima uende na kurudi. Labda siku moja watatengeneza kitu kimoja kitakachofanya yote."

"Siku hiyo mtaniita nije nisikie," alisema Bi Chiriku. "Leo nina kikao. Nirudishieni memori yangu."

Meneja akakohoa. Alikuwa na mkutano wa video na wakubwa muda si mrefu. "Tutaagiza nyingine, mama. Kwa sasa wewe nenda nyumbani, tutakuita."

Pale ofisini kila mtu alijua maana ya tutakuita. Walioambiwa hivyo walitoka na mikoba yao na viti vyao vikapata watu. Bi Chiriku alijua pia. Akachukua mkoba, akaning'iniza visikilizio shingoni, akainuka. Wakadhani anaondoka. Akaupapasa ukuta wa korido mpaka mlango wa meneja, akaingia, akakaa.

"Mama, hicho kiti changu," alisema meneja, akihema nyuma yake.

"Najua. Kinanuka marashi yako. Memori yangu imo humu, nami nimeifuata." Akageuza uso upande aliposimama mkwewe. "Baba, nifungulie ile sauti."

Mkwe alimtazama anayemlipa mshahara, akamtazama aliyemzalia mke. Kisha akainama, akaifungua ile sauti, iliyokuwamo kwenye kompyuta zote za ofisi, akaizidishia mbio, akamvutia na kikao chake, na ndege wakaanza kugombana chumbani kwa meneja. Bi Chiriku alichomeka visikilizio, vidole vikaenda kama zamani, na hakuna hata herufi moja iliyochelewa.

"Mkutano wangu unaanza sasa hivi," alisema meneja kwa unyonge. "Mimi nikae wapi?"

"Kaa kwangu. Ile inawaka upesi sana."

Akaenda, angefanyaje? Chai haikuwa imechemka alipojitokeza tena mlangoni, wakubwa wamemgandia midomo wazi kwenye skrini ya mama. Hakusema na Bi Chiriku. Alimwambia fundi akalete bisibisi, amrudishie mama kitu chake.

Bi Chiriku alimaliza kwanza ukurasa wake, ndipo akainuka.