Aanze Upya

Mwalimu wangu wa hesabu, pale Kilosa, alitufundisha kuandika programu kwa kalamu, kwenye daftari, maana shule ilikuwa na kompyuta moja tu na zamu yako ikifika huna muda wa kufikiri.

Lugha ya programu aliyotufundisha ndiyo iliyonilisha ukubwani. Nikiwa nimepanga chumba nyuma ya gesti Mikumi, nilijiunga kwa mtandao na kundi la watu wanaoiendeleza. Tulikuwa tunaiongezea sheria ya umiliki: kila kipande cha kumbukumbu ya kompyuta kiwe na mwenyewe mmoja, na sehemu nyingine ya programu ikikiazima, isithubutu kukifuta. Kwetu Msowero hilo si geni. Ukikabidhiwa ng'ombe wa mtu, maziwa utakunywa, kumchinja hapana.

Mimi nilipewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili maneno yanayotokea kwenye skrini pale programu inapokataliwa kwa kuvunja sheria hiyo. Kichwa kilikuwa kimenivimba. Programu za zamani, zilizoazima bila utaratibu, ziliniudhi. Nikaandika: "Aliyeandika hapa hajui anachofanya. Aanze upya." Wenzangu hawakujua Kiswahili, wakapitisha. Nikacheka peke yangu.

Miezi michache baadaye nilipita Kilosa kumsalimia mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja."

Alikuwa mezani na daftari jipya, miwani imeshuka puani. Programu yake ya kupanga matokeo ya wanafunzi, aliyoijenga kwa miaka na shule nzima kuitegemea, ilikuwa imekataliwa baada ya kompyuta kuwekewa toleo jipya la lugha ile. Maneno yangu yalitokea mbele ya walimu wenzake.

"Wakasoma wote," alisema. "Nikaona labda kweli, uzee huu. Nimeifuta yote. Naanza upya kama nilivyoambiwa."

Nikaomba kuona madaftari ya zamani alimoiandika programu ile. Kosa lilikuwa mstari mmoja. Ningelirekebisha kabla chai aliyonimiminia haijapoa. Niliona aibu.

"Wewe si uko na hao watu wanaoiendeleza lugha hii?" akauliza. "Aliyeandika maneno yale unamjua?"

Nilitazama daftari. Mwandiko ulikuwa uleule wa ubaoni, ila sasa unatetemeka.

"Simjui, mwalimu."

"Basi ukikutana naye," akasema, akichukua kalamu, "mwambie nimeshaanza."