Mgeni Langoni

Asubuhi hiyo nilitoka Kitale bila kujua naenda wapi. Nilifunga chumba, nikapita maduka yakiwa bado yanafagiliwa mbele, na dereva wa lori la kabichi aliponiuliza kama nashuka chini, nikasema ndiyo. Nilipoketi ndipo nikakumbuka kwamba chini huko kuna Bungoma, na Bungoma ndiko aliko mwenzangu.

Mwenzangu huyo sijawahi kumwona. Tulikutana kwenye mchezo wa simu, ule ambao watu wanatupwa kwenye theluji bila chochote, kila mtu ajitafutie kuni, chakula na pa kulala. Ukiuawa, umepoteza vyote. Mimi shule niliacha mapema, lakini humo nilijifunza kutega sungura na kusimamisha ukuta. Yeye alipanda viazi. Tuliongea tukicheza, kama watu wanaolima shamba moja, mpaka tukawa na nyumba na ghala lililojaa.

Halafu mtu mmoja akaja langoni, nguo zimechanika, akisema anakufa njaa.

"Wacha nimfungulie," mwenzangu akasema.

"Usifungue. Muulize kwanza ni nani."

"Kwani wewe ni polisi? Kwetu mgeni anakula, ndio anaulizwa."

"Hapa si kwenu, bana. Huu ni mchezo. Hata njaa yake ni ya mchezo."

"Basi viazi pia ni vya mchezo. Unamnyimia nini?"

Alifungua. Mgeni alikula, akashukuru vizuri, kisha akawafungulia wenzake waliokuwa wamejificha mitini. Walitumaliza. Mmoja wao alisema, "Viazi vilikuwa vitamu, wazee."

Nilimuuliza mwenzangu kama sasa amejifunza. Akajibu kwamba akija mwingine atamfungulia tu. Tangu hapo hajaingia tena mchezoni, na nilichotaka kujua ni kimoja: tutajenga tena, au ndiyo basi?

Kwenye lori niliendelea kubishana naye kichwani. Kufika Misikhu nilikuwa nimemwona mjinga. Kufika Webuye mjinga alikuwa mimi. Hakuna mtu aliyekuwa na njaa kweli, najua. Mbona basi nilikasirika kweli?

Bungoma nilishuka nikagundua kwamba ninachojua ni sauti yake tu. Nilisimama kando ya vijana waliokuwa wakicheza na simu nje ya kinyozi, nikisikiliza. Hakuna sauti iliyofanana. Mmoja akaniuliza, "Sasa, mzee, umepotea?" Nikamwambia sijui.

Alinielekeza kwa mama mmoja anayekodisha vyumba nyuma ya nyumba yake. Nilianza kutoa kitambulisho.

"Rudisha hiyo mfukoni, mwanangu. Kula kwanza."

Akaniwekea ugali na kunde. Nilipokuwa nikila alichukua kikapu chake.

"Naenda sokoni mara moja. Mtu akibisha geti, mfungulie."

"Mtu gani, mama?"

"Nitajulia wapi? Mtu."

Akaenda. Sikuwa nimemaliza kunawa mikono geti likabishwa. Nilishika komeo, swali likiwa tayari mdomoni, na ghafla nikaona kwamba yule mama hakuwa ameniuliza hata jina langu. Mwenzangu angecheka sana. Au pengine asingecheka.

Nikafungua, na bado sijui kati yetu nani alikuwa sahihi.